Shahada Sandukuni, Boksi Begani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wasomi Waliohamia Kanada

Maswali haya nimeulizwa kwa miaka mingi. Nimeulizwa jikoni kwenye sherehe za ubatizo na maulidi, kwenye basi la alfajiri liendalo kwenye maghala ya Brampton, na usiku kwa simu na watu wanaojikaza sauti isitetemeke. Wanaouliza ni wauguzi, walimu, wahandisi, wahasibu, watu waliotoka Tanzania, Kenya, Kongo na Burundi, ambao sasa wanafanya kazi isiyohitaji hata mwaka mmoja wa chuo. Mimi ni muuguzi. Nilifanya kazi miaka 6 katika wodi ya watoto mkoani Tanga, nikafika jimbo la Ontario mwaka 2014, na leseni ya huku nikaipata 2019. Miaka 5 ya katikati nilipanga bidhaa ghalani na kulea wazee. Nitasema zaidi kuhusu Ontario na kuhusu uuguzi kwa sababu ndivyo ninavyovijua kwa mikono yangu.

Dada, ni mimi peke yangu au tuko wengi?

Mko wengi mno. Sensa ya Kanada ya mwaka 2021 ilionyesha kwamba asilimia 25.8 ya wahamiaji wenye shahada za nje walikuwa kwenye kazi zinazohitaji elimu ya sekondari au chini ya hapo. Kwa wenye shahada za Kanada ni kama mmoja kati ya kumi. Waliosomea uuguzi nje ya nchi, ni asilimia 36.5 tu waliokuwa wakifanya kazi ya uuguzi au inayokaribiana nayo. Waliosomea hapa ni asilimia 87.4. Waliosomea udaktari nje ni asilimia 41.1, na wa hapa 90.1.

Naziweka tarakimu hizi mwanzoni kwa makusudi. Karibu kila anayenipigia huanza kwa kujishtaki: Kiingereza changu kibaya, chuo changu hakijulikani, nilichelewa, sikujituma. Mtu mmoja akikwama unaweza kumchunguza yeye. Karibu wauguzi wawili kati ya watatu wakikwama mahali pamoja, ichunguze njia.

Kwa nini walinipa pointi kwa shahada yangu kama hawaitaki?

Hili ndilo swali linaloulizwa kwa hasira kuliko yote, na hasira hiyo ina haki yake.

Kanada imechagua wahamiaji kwa pointi tangu 1967. Katika mfumo wa Express Entry, ulioanza Januari 2015, mwombaji asiye na mwenza hupewa pointi 120 kwa shahada ya kwanza, 135 kwa ya uzamili na 150 kwa ya uzamivu. Serikali inakuambia kwa tarakimu kwamba elimu yako ina thamani. Unauza kiwanja, unawaaga wazazi, unapanda ndege. Ukishatua unagundua kwamba serikali ile ilikuwa inajisemea yenyewe. Anayekufungulia mlango wa nchi ni serikali kuu. Anayekuruhusu kufanya taaluma yako ni chombo cha taaluma cha jimbo. Anayekuajiri ni mtu wa tatu kabisa, na hana habari ya pointi zako.

Kuna karatasi inayowachanganya watu wengi: ripoti ya tathmini ya vyeti, ile inayosema shahada yako ya Dodoma au Nairobi ni sawa na ya Kanada. Ripoti ile ni ya uhamiaji. Nimewaona watu wakiibeba kwenye kila usaili kama hirizi. Chombo cha wauguzi hakiangalii hiyo. Kutegemea jimbo, kinaweza kuuliza ulisoma saa ngapi za nadharia na ngapi za vitendo, kitataka Baraza la Uuguzi na Ukunga la kwenu lithibitishe usajili wako, na bado kitakupeleka kwenye mtihani. Kama hujaondoka nyumbani, nenda chuoni ukachukue mitaala yenye saa za kila somo, na barua za waajiri zinazotaja saa ulizofanya kazi. Kuzitafuta ukiwa mbali, kwa kumtuma binamu mwenye shughuli zake, kunaweza kula mwaka mzima.

Kazi zinazohitaji leseni ni kama moja kati ya tano tu. Mhasibu wa kawaida au mtu wa kompyuta hahitaji leseni ya mtu, lakini naye ana lango lake, nalo nitalifikia chini.

Ninachotaka ukione hapa ni chanzo cha uchungu. Mtu aliyekuja akijua anakuja kubeba boksi hubeba kwa moyo tofauti na yule aliyeambiwa anaitwa kwa ajili ya shahada yake. Boksi ni lilelile, uzito ni uleule, ila mmoja wao alidanganywa.

Nalipwa mara nyingi kuliko nilivyolipwa nyumbani. Mbona sina raha?

Kwa sababu hesabu ya raha hubadilika njiani, na hakuna anayekutangazia siku inapobadilika.

Mwanauchumi Michael Piore alieleza mwaka 1979 kwamba mhamiaji mgeni huivumilia kazi ya chini kwa sababu kwake ni chombo tu cha kupatia fedha. Heshima yake ameiacha nyumbani. Anafagia sakafu Toronto, lakini machoni pake mwenyewe yeye ni mtu anayejenga nyumba Pongwe. Nimeishi hivyo. Mwaka ule wa kwanza kima cha chini Ontario kilikuwa dola 11 kwa saa, na kila malipo yalipoingia nilizidisha kwa shilingi nikajiona tajiri. Halafu siku moja ukaacha kuzidisha. Kodi ya nyumba unailipa kwa dola, nauli kwa dola, mtoto anaongea kama watoto wa huku, na unayejilinganisha naye si tena uliyesoma naye Tanga bali jirani wa ghorofa ya pili. Siku hiyo mshahara wako unapungua bila kukatwa hata senti.

Sababu ya pili inahusu kazi yenyewe, na hapa nitasimulia jambo moja.

Kulea wazee ni kazi ya heshima, na wazee wale niliwapenda. Usiku mmoja nilikuwa namgeuza mzee mmoja kitandani. Pumzi zilikuwa za harakaharaka, ngozi baridi yenye majimaji, maneno yamechanganyika, na jana yake alikuwa akinitania vizuri. Kwa miaka 6 nilikuwa nimewaona watoto wa hali ile. Nilijua ni maambukizi yameingia kwenye damu, na kwamba kila saa ina maana. Kazi yangu kwa mujibu wa mkataba ilikuwa kutoa taarifa. Nikamwambia muuguzi wa zamu, dada mwema aliyezidiwa na vyumba vingi. Nilipoanza kueleza mapigo ya moyo na nionavyo, akanishika bega akasema kwa upole kwamba kutambua ugonjwa si kazi yangu. Kisheria alikuwa sahihi. Mzee alipelekwa hospitali baadaye usiku uleule, na baada ya wiki mbili akarudi. Mimi nilikwenda kwenye chumba cha mashuka nikakaa juu ya ndoo.

Mshahara haukuniuma hata kidogo usiku ule. Kilichouma ni kwamba najua, na sitakiwi kujua. Nimewasikia wahandisi wakisema jambo hilohilo kuhusu rafu za ghala walizoona zimefungwa vibaya, na walimu wanaopika kwenye shule huku wanamsikia mtoto anafundishwa vibaya chumba cha pili. Kazi hizi hazichoshi mwili tu. Zinakutaka uwe mdogo kuliko ulivyo, saa 8 kwa siku, na kujikunja huko kunachosha.

Kulalamika si kukosa shukrani? Kuna watu wangeuza figo wapate nafasi yangu.

Unaweza kushukuru kwa kuwa hapa na usiridhike na kazi. Ni mambo mawili, na mtu mmoja anayabeba yote bila kuwa mnafiki. Usalama, shule ya watoto, hospitali isiyodai fedha mlangoni: mshukuru Mungu. Lakini hakuna sala inayomtaka mfamasia afurahie kufunga katoni. Mgeni hupewa jembe siku ya tatu, na hatukuja kukataa jembe. Tunauliza tu kwa nini aliyefika na trekta ameambiwa aliache bandarini.

Wanaotumia neno shukrani kukunyamazisha, wengi ni ndugu zetu wenyewe waliotangulia. Wao walinyamaza, na wakiona wewe hunyamazi, majeraha yao yanatoneshwa. Wasamehe, lakini usiwafuate.

Wapo ninaowajua wameridhika kabisa na kazi hizi. Wanadanganya?

Hapana. Namjua mhasibu anayeendesha lori refu kati ya Ontario na majimbo ya magharibi ambaye ukimwambia arudi ofisini atakucheka. Namjua mama aliyekuwa mwalimu mkuu, sasa yuko jikoni kwenye kituo cha watoto, na ratiba yake inamruhusu kuwachukua wanawe shuleni kila siku. Nikiwatazama watu hawa naona wanafanana kwa mambo matatu. Walichagua, hawakusukumwa. Wana usemi juu ya saa zao. Na wana mahali pengine ambapo akili yao inatumika: mmoja ni mweka hazina wa kanisa na vitabu vyake vinang'aa, mwingine anafundisha Kiswahili watoto wetu Jumamosi. Msimamizi anayekuita kwa jina lako na kulitamka sawasawa naye huongeza kitu. Kama hayo ndiyo maisha yao, usiwahubirie leseni.

Nimeambiwa sina uzoefu wa Kanada. Nitaupataje kama hakuna anayenipa?

Hili ndilo lango nililosema. Tume ya Haki za Binadamu ya Ontario ilitoa msimamo mwaka 2013 kwamba kudai uzoefu wa Kanada kwa mtazamo wa kwanza ni ubaguzi. Mei 2023 chombo cha wahandisi cha Ontario kiliondoa sharti la mwaka mmoja wa uzoefu wa Kanada, na mhandisi yeyote aliyekata tamaa kabla ya hapo arudi akaulize upya. Tangu tarehe 1 Januari 2026 waajiri wa Ontario wenye watu 25 au zaidi hawaruhusiwi kuandika sharti hilo kwenye matangazo ya kazi.

Tangazo likisafishwa, macho ya anayesoma maombi hayajasafishwa. Mwanauchumi Philip Oreopoulos wa Chuo Kikuu cha Toronto alituma maelfu ya maombi ya kubuni, na utafiti wake ukachapishwa 2011. Wenye majina ya Kiingereza waliitwa zaidi ya wenye majina ya Kihindi, Kipakistani au Kichina hata pale sifa zilipolingana, na uzoefu ukiwa wa nje mwito ulishuka zaidi. Kwa hiyo barua 100 bila jibu si kipimo cha akili yako.

Kinachosaidia ni kumpata mtu wa ndani ya taaluma yako atakayekufahamu kwa sura. Toronto kuna mpango wa shirika la TRIEC wa kumuunganisha mgeni na mwenzake wa fani ileile aliye kazini. Nimeona watu wakiudharau kwa sababu hautoi kazi siku ya kwanza. Mhandisi wa maji niliyemsindikiza huko alitoka na lugha. Alijifunza kwamba yale aliyoyafanya Morogoro kwa miaka 9 yana jina jingine huku.

Nifiche shahada ya uzamili ili nipate kazi ya ghala?

Kwa kazi ya kulipia kodi mwezi huu, huna wajibu wa kuorodhesha kila ulichosoma. Kusema uongo ukiulizwa ni jambo jingine, usifanye. Ila weka wasifu wa pili, ule kamili, na uufungue kila mwezi uongeze kitu. Niliuacha wangu miaka miwili, na nilipoufungua nilisoma habari za mtu nisiyemfahamu.

Nina muda gani kabla elimu yangu haijaonekana imepitwa?

Mfupi kuliko unavyodhani. Ningeweza kujibu swali moja tu kwenye ukurasa huu, ningejibu hili.

Vyombo vya wauguzi kwa kawaida huangalia saa ulizofanya uuguzi ndani ya miaka kama 3 hadi 5 iliyopita, kutegemea jimbo. Kulea wazee hakuhesabiki kama uuguzi, hata ukilea miaka kumi. Matokeo ya mtihani wa lugha kama IELTS huisha baada ya miaka 2. Kwa hiyo una saa mbili za ukutani zinazohesabu kurudi nyuma, moja tangu siku uliyovua sare nyumbani na nyingine tangu siku ya mtihani wa lugha, na shifti za usiku zinakufanya usizisikie. Mwaka wa kwanza unasema nitulie kwanza. Wa pili mtoto anazaliwa. Wa tatu mama anaugua nyumbani na akiba inakwenda Muhimbili. Wa nne unafungua barua inayosema huna saa za karibuni, rudi darasani. Barua hiyo niliipata. Ilinigharimu kozi ya kuziba pengo na karibu miaka miwili, na hakuna aliyenikosea, ila sikuwa nimeambiwa.

Fungua faili la leseni ndani ya miezi 3 ya kufika, hata kama huna fedha za kulimaliza. Andika ukutani tarehe ambayo baada yake utakuwa umetoka ghalani. Kwa ada, Windmill ni shirika la hisani linalokopesha wahamiaji kwa ajili ya mitihani na kozi za leseni, hata wasio na historia ya mikopo. Ovataimu ni nzuri mwezi huu, lakini kila Jumamosi ya ovataimu ni Jumamosi ya kitabu iliyokwenda.

Nisome kozi fupi ya kulea wazee kama hatua ya kwanza?

Ikiwa ni daraja, ndiyo. Utazoea maneno ya huku, utaona wodi zinavyoendeshwa, utapata mtu wa kukuandikia barua. Ikiwa ni mahali pa kupumzika mpaka mambo yakae sawa, hapana, kwa sababu mambo hayakai sawa yenyewe.

Mimi na mwenzangu sote tuna shahada. Nani aanze?

Mara nyingi anaanza mume, na zamu ya mke haifiki. Nimeliona jambo hili katika nyumba nyingi kiasi kwamba sitalizunguka. Mke anabeba shifti mbili mume apate leseni, akishaipata mtoto wa tatu yuko njiani, na shahada ya mama inabaki kwenye sanduku chini ya kitanda. Wekeni karatasini: nani anaanza, mwisho lini, na mwingine anaanza tarehe gani. Na ambaye taaluma yake inadai saa za karibuni ndiye aanze, kwa sababu yake inaoza haraka.

Tulisoma kwa Kifaransa. Sisi Wakongo na Warundi hatuna nafuu Quebec?

Lugha ni nafuu kubwa, lakini haifungui kila kitu. Quebec ina vyombo vya taaluma 46, kila kimoja na masharti yake. Mwaka 2008 Quebec na Ufaransa zilikubaliana kutambuliana sifa za taaluma, kwa hiyo mwenye sifa za Ufaransa ana njia fupi ambayo mwenye diploma ya Kinshasa au Bujumbura hana, hata kama walisoma kwa lugha moja. Inauma, na ni vizuri kuijua kabla hujachagua jimbo.

Nyumbani niwaambie nini? Wanajua mimi ni nesi huku.

Waambie kweli, hata nusu yake. Nyumbani wanafanya utani wa kubeba boksi na kuosha vikongwe, kwa hiyo tunaficha. Tunapiga picha mbele ya hospitali ambayo tunaingia kwa mlango wa wafagiaji. Uongo huu una bei mbili. Unakudai fedha, kwa sababu nesi wa Kanada hawezi kusema hana. Na unakunyima watu pekee ambao wangekupa pole. Nilimwambia mama mwaka wa tatu. Alinyamaza kwenye simu, halafu akauliza: hao wazee unawaogesha kwa maji ya moto au baridi? Nikasema ya moto. Akasema, "Basi vizuri, mwanangu." Tangu siku hiyo nililala.

Nitajuaje kwamba hali yangu imepita uchovu wa kawaida?

Ukianza kuwakwepa watu waliokujua na taaluma yako. Ukiona hasira ya kazini inawashukia watoto. Pombe ikiwa ndiyo usingizi wako. Ukiamka siku za mapumziko na bado hutaki kuamka. Hiyo inaweza kuwa sonona, nayo ina tiba. Mwone daktari wa familia kama ungemwona kwa presha. Mawazo ya kujidhuru yakija, piga au tuma ujumbe 9-8-8, popote ulipo Kanada, saa yoyote. Hawataulizia makaratasi yako.

Nirudi nyumbani?

Wengine wamerudi na wakafanya vizuri. Angalia tu kama usajili wako wa kule bado uko hai. Uhuishe kila muda wake unapofika ukiwa huku, ada yake ni ndogo kuliko majuto.

Ulipopata leseni, furaha ilirudi?

Nusu yake ilirudi mara moja. Wiki ya pili wodini muuguzi mwenzangu aliniita kutoka mwisho wa korido nikamtazamie mgonjwa, kwa sababu hakuipenda rangi yake. Nilimtazama, nikasema nionavyo, akaandika. Nilikwenda chooni nikalia.

Nusu nyingine haijarudi. Wodi ya watoto sikuipata tena. Niko na watu wazima. Waliosoma nami Tanga ni wasimamizi wa hospitali, na mimi hapa nahesabiwa muuguzi mchanga nikiwa na mvi. Bado nikipita karibu na kituo cha wazee nilikofanya kazi huwa naingia kuwasalimia wadada wa zamu ya jioni. Safari iliyopita nilimkuta mmoja mpya, kutoka Bukavu. Daktari. Nilimuuliza kama ameshafungua faili, akasema anasubiri atulie kwanza. Tuliketi kwenye gari langu mpaka saa 5 usiku tukijaza fomu ya kwanza.